Mtaa Unaotembea Upande

"Tembea tena," mkewe akasema, mikono kiunoni.

"Nimetembea mpaka nimechoka. Unataka nifike mbinguni ndipo uridhike?"

"Vua viatu kwanza. Hivyo ndivyo vinavyokusitiri."

Fundi viatu akavua huku akinung'unika. Akatembea peku kutoka kwenye benchi lake la kazi mpaka kwenye pazia la mlango, na kila hatua mwili ukawa unazama upande wa kulia, kama meza iliyokatwa mguu mmoja. Akarudi vile vile, akizama na kuibuka.

"Haya, vaa sasa."

Akavaa. Safari hii akaenda wima, kifua mbele, kama askari anayepita mbele ya mkubwa wake.

"Umeona?"

"Nitaonaje, na mimi ndiye ninayetembea?"

"Basi lete nivae mimi."

Mama wa watu akatumbukiza miguu kwenye viatu vya mumewe, vikubwa kama mabeseni, akashika njia ya kwenda kwenye pazia. Hakufika. Bega la kushoto likashuka, kisigino cha kulia kikagonga sakafu ko!, mguu wa kushoto ukafuata kwa kuburuta, na baada ya hatua chache tu alijikuta uso kwa uso na rafu ya viatu vya wateja, iliyokuwa kushoto kabisa mwa chumba.

Siku nyingine wangecheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Ndivyo alivyotembea yule wa kwenye picha," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Binti yako kaona kwa macho yake. Ndivyo anavyotembea mumewe. Ndivyo tunavyotembea mtaa mzima. Na aliyetupinda hivi ni wewe, baba."

"Punguza sauti!" Fundi akalitazama pazia. Upepo ulilitikisa kidogo.

Chumba hicho zamani kilikuwa sebule, kabla viatu havijafukuza kila kitu. Kiti cha kwanza kiliondoka, kikafuata cha pili, kisha meza, na mwisho wageni. Kulibaki benchi, kigoda cha mteja, mguu wa chuma wa kugongea soli, makopo ya gundi na rafu ile. Hapo ndipo fundi alipozeekea, na hapo ndipo alipojengea jina lake.

Jina hilo alilipata kwa desturi moja ambayo hakufundishwa na mtu. Hakuwahi kukikubali kiatu kwa macho. Kila kiatu alichomaliza kukitengeneza alikivaa mwenyewe. Kiwe cha mwanamume au cha mwanamke, kikubwa au kidogo, atakisukumia mguu mpaka uingie, na kama mguu hauingii basi vidole vitaingia, halafu atatembea mpaka kwenye pazia na kurudi. Kikimsumbua anakaa, anasugua kwa tupa, anabandika kipande cha mpira kwenye kisigino, anatembea tena. Akishajiona amesimama sawasawa, anakipiga kofi la upole na kusema, "Kimekubali." Kuna mama mmoja aliyeapa kwamba alimkuta fundi akizunguka chumbani na kiatu chake cha harusi chenye kisigino kirefu, anatembea kwa madaha kuliko bibi harusi mwenyewe.

Watu walimsifia. Walisema fundi mwingine atakupa kiatu ambacho hajui kinauma wapi, lakini huyu anaanza kuumia yeye. Hakuna aliyejiuliza kiatu kinachomfaa mtu mwenye mguu mmoja mfupi kitamfanya nini mtu mwenye miguu miwili sawa.

Mguu huo wa kulia ulikuwa na hadithi nyingi kuliko umri wake. Watoto wa mtaa aliwaambia kwamba mamba aliumeza, akauonja, akamrudishia kwa kukosa chumvi, ila kipande kidogo kikabaki kwenye meno. Wateja aliwaambia miguu yake ilishindana kukua, na wa kulia ukalala njiani. Mkewe ndiye aliyejua kwamba alizaliwa hivyo. Siku ya kwanza kupelekwa shule darasa zima lilitembea nyuma yake likimwiga, na kesho yake hakurudi. Akaenda kujibanza kwa fundi viatu mmoja mzee, akakaa chini ya benchi lake kama paka, akajifunza, na kitu cha kwanza alichojitengenezea kilikuwa kisigino kinene cha kulia. Alipokivaa akasimama wima. Tangu hapo hakuna aliyemwita kiwete, na wengi waliohamia mtaani baadaye hawakujua kabisa.

Mwaka uliopita wakaja watu wenye ngazi, wakasimika nguzo mbele ya duka la dawa, wakaning'iniza kamera juu yake. Mkuu wa kituo cha polisi akakusanya watu akawaeleza. Kamera hiyo, alisema, nyuma yake kuna mtambo wenye akili bandia. Hauhangaiki na sura, maana mwizi sura huifunika. Unaangalia mwendo. Kila mtu ana mwendo wake, na mtambo ukishauona mwendo wako mara chache umeushika, hata ukijifunga blanketi utakujua. Watu wakapiga makofi, maana wizi ulikuwa umewachosha. Kisha wakaubatiza mtambo huo Shangazi, kwa sababu unajua nani katoka, nani karudi na nani kapitia kwa nani, na hausahau.

Shangazi akakaa juu ya nguzo yake, kimya, akiutazama mtaa. Asubuhi moja wiki iliyopita, kabla hakujapambazuka vizuri, mtu aliyejifunika kofia ya koti akavunja duka la dawa, akampiga mlinzi kwa chuma kichwani, akatoweka. Mlinzi yule, baba wa watoto, mtu wa kutania kila anayepita, mpaka sasa alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Damu ilikuwa haijaoshwa kwenye ngazi za duka, na Shangazi alikwishatoa jina. Lilikuwa jina la kinyozi, mume wa binti wa fundi.

Polisi wakamchukua mkasi ukiwa mkononi. Mteja aliyekuwa kitini alibaki na kichwa nusu msitu nusu uwanja, na hadi leo anavaa kofia. Anaogopa kwenda kwa kinyozi mwingine asije akaulizwa wa kwanza yuko wapi.

Binti alipokwenda kituoni kusema kwamba mumewe alikuwa amelala kitandani usiku kucha, mpelelezi hakubishana naye. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya daktari. Alimketisha, akageuza kioo cha kompyuta, akamwonyesha. Mtu mweusi tii kwenye picha ya kijivu, hana uso, anakwenda. Bega la kushoto chini. Kisigino cha kulia kinagonga. Mguu wa kushoto unaburuta. "Unamfahamu?" mpelelezi akauliza. Na binti, maskini, kabla akili haijamfika, akasema, "Ni mwendo wa mume wangu." Akalia palepale. Na hayo yakaandikwa kwamba mke mwenyewe amemtambua.

"Mtambo umesema tisini na kitu kwa mia," mpelelezi akamwambia, karibu kwa kumhurumia.

Mahakamani hakimu naye alisema neno moja tu ambalo halikuwatoka watu masikioni. "Mtambo hauna chuki na mtu."

Hapo ndipo woga ulipoingia kweli. Askari mwenye chuki unaweza kumwangukia. Mwenye huruma unaweza kumlilia. Sasa Shangazi utamlilia wapi? Ukimpandia nguzoni umpigie magoti, atapima unavyopanda.

Mtaa ukaacha kutembea. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akipita kila asubuhi kwa haraka zake, akaanza kwenda kwa ncha za vidole kama anayemkwepa mtoto aliyelala. Muuza mikate akawa anasukuma baiskeli yake akiwa ameilalia, ili mtu asijue anayetembea ni yeye au ni baiskeli. Mzee mmoja alipita mbele ya nguzo akirudi kinyumenyume, akijisemea kwamba Shangazi atadhani ameondoka. Na kila mmoja wao, hata akijibana vipi, akisahau kidogo tu bega la kushoto linashuka na kisigino kinagonga ko!

Fundi aliwaona wote akiwa kwenye benchi, pazia limefunguliwa. Kwanza aliona muuguzi, akaona muuza mikate, akaona mwalimu na mkewe wameegemea upande mmoja kama miti iliyopigwa na upepo uleule. Kisha akatazama miguuni mwao, akaona soli zake, uzi wake, misumari yake. Nyundo ikamponyoka. Tangu siku hiyo pazia likawa linashushwa mchana, na chumba kikanuka gundi mpaka kichwa kikauma.

Na mkwe wake ndiye aliyepinda kuliko wote, maana alitengenezewa viatu bila malipo, kila mara, kwa mapenzi.

"Kesho asubuhi anasimama tena mbele ya hakimu," mkewe akasema sasa, akivua yale mabeseni. "Ama anatoka kwa dhamana, ama anapelekwa gereza kubwa. Na mlinzi akifa, baba, akifa huyo mlinzi, hiyo ni kesi ya kuua. Utamzika mkwe wako akiwa hai, na wewe unagonga misumari?"

"Unadhani mimi sijui?"

"Kama unajua, nenda ukaseme. Sema, afande, mwendo huo si wa mtu, ni wa viatu. Basi. Maneno machache hayo, hata kasuku angeyamudu."

"Kasuku havai viatu!" Fundi akainuka, akakaa tena. "Umemsahau mshonaji wa mtaa wa pili? Alishona makofia mapana, watu wakayavaa kwa mvua. Wakasema anawaficha wezi wasionekane na mtambo. Walimwita kwa maswali mawili matatu. Yuko wapi? Cherehani yake inakula vumbi. Na mimi je? Mimi sikuwaficha watu sura, nimewabadilisha mwendo mtaa mzima! Wataniambia nini? Wataniambia, mzee, umefanya kwa bahati mbaya, nenda zako ukanywe chai?"

"Utawaambia mguu wako."

Fundi akainama. Akautazama mguu wake wa kulia uliokuwa chini ya benchi, peku, umejikunyata.

"Watanivua viatu," akasema. "Watanitembeza mbele ya kamera, na mahakamani, na watu wamekaa wanaangalia."

Mkewe akavuta kigoda cha mteja, akakaa.

"Mimi nilikuja hapa na kandambili iliyokatika," akasema. "Unakumbuka? Ukaitengeneza. Ukaivaa, unyayo unatoka nje mbele na nyuma, ukasema imekubali. Tangu siku hiyo nikienda sokoni najikuta nimekata kushoto. Nikienda kwa shangazi yangu, kushoto. Na kushoto kulikuwa na duka lako."

"Kumbe ulijua!"

"Nilidhani ni mapenzi."

Fundi alicheka kidogo. Kisha uso ukamfunga tena, akainama karibu na mkewe.

"Nikwambie kinachoninyima usingizi? Si polisi peke yao. Yule aliyempiga mlinzi alivaa kiatu kilichotoka hapa. Hapa, kwenye benchi hili. Amekaa kwenye hicho kigoda."

Mkewe akainuka kwenye kigoda kana kwamba kimemchoma.

"Nimemvalia kiatu chake," fundi akaendelea. "Mguu wangu umeingia mlemle. Labda nilimtania, labda alinisalimia shikamoo nikamjibu marahaba. Sasa nikienda kusema ni viatu, polisi watauliza, viatu vya nani na nani? Nitataja watu, mmoja mmoja, na muuguzi atakuwemo, na mwalimu atakuwemo, wote watachukuliwa. Na yeye atakuwemo, na atajua nimemtaja. Halafu siku moja jioni atakuja na kiatu mkononi. Atasema, fundi, kisigino hiki. Nami sitajua kama ni yeye."

Nje, mtu alipita. Ko! Akapita. Hawakutazamana.

Rafu ile ilikuwa imejaa. Viatu viwili viwili, vimefungwa kamba, vyote visigino vya kulia vinene kidogo. Hata vikiwa vimesimama tu, bila mtu ndani, vilionekana vinataka kwenda upande. Fundi hakuwahi kuliona hilo. Alikuwa akiviona ni vizuri kuliko viatu vyote duniani. Kulikuwa na nafasi tupu katikati, pale vilipokuwa viatu vyeusi vya ngozi nzito ambavyo msichana wa kazi alivileta mwezi uliopita na kuja kuvichukua bila kusema ni vya nani. Kazi ile alijivunia. Alivishona mbele kwa uzi mweupe, mishono miwili sambamba, kwa sababu tu mkono ulimwasha.

"Binti yuko wapi?" akauliza ghafla. "Kupeleka chakula tu kituoni, mbona hajarudi?"

Mkewe akaanza kupanga makopo ya gundi ambayo hayakuhitaji kupangwa.

"Nimekuuliza, mama."

"Atarudi."

"Umemtuma nini?"

"Nimemtuma chakula."

"Na nini kingine?"

Kopo likaanguka, likaviringika, likaishia kushoto, na mkewe akaliacha hapohapo.

"Mtoto kalia usiku kucha, baba. Kila akifumba macho anajisikia akisema, ni mwendo wa mume wangu. Nimemwambia amwambie yule mpelelezi mpole kwamba baba yake ana jambo la kusema. Aje hapa, asikilize hapa, si kule kwenye kamera na watu. Hilo tu. Sijamwambia jambo lenyewe."

Fundi alitazama mlango wa nyuma, ambao ulikuwa na mzigo wa ngozi uliouziba tangu mvua za mwanzo. Alitazama dirisha, ambalo hata paka wao alilishindwa. Mikono yake ikatafuta viatu vyake, kwa sababu mtu akishikwa na woga hutafuta kwanza kile kinachomsimamisha. Akavaa cha kushoto. Akashika cha kulia, chenye kisigino chake kinene, akabaki nacho mkononi.

Kama angekaa kimya, Shangazi asingekuwa na neno naye. Katika mtaa mzima, ni yeye peke yake aliyetembea wima. Muuguzi angeweza kuchukuliwa, mwalimu angeweza kuchukuliwa, hata mkewe huyu anayehangaika na makopo angeweza kuchukuliwa kesho kwa kwenda sokoni. Kiwete ndiye aliyekuwa salama.

"Ungenifuata?" akauliza.

"Wapi?"

"Wakinichukua. Ungekuja kuniona?"

"Na ningekosaje kufika?" mkewe akasema, macho yamejaa. "Si unajua ninavyopinda."

Fundi akakiweka kile kiatu cha kulia juu ya benchi, taratibu, kama anayeweka yai. Akavua na cha kushoto. Akasimama peku kwenye sakafu baridi, bega la kulia likashuka, na hakulinyanyua.

Nje hatua zikaanza kusikika. Kwanza mbali, halafu karibu. Ko! Halafu mburuto. Ko! Halafu mburuto. Zilikuja polepole, hatua za mtu asiye na haraka, anayejua nyumba anayoitafuta. Mkewe alimshika mkono.

"Ni mpelelezi huyo?" akanong'ona.

"Mpelelezi hapindi. Yeye si wa mtaa huu."

"Basi ni nani?"

Hatua zikasimama mbele ya mlango. Pazia halikufika chini. Lilibakiza nafasi ya kiganja, na katika nafasi hiyo zilisimama pua mbili za viatu vyeusi vya ngozi nzito, zilizoshonwa kwa uzi mweupe, mishono miwili sambamba. Nyuma yake kulikuwa na kandambili za binti yao, vidole vimejikunja.

"Baba," sauti ya binti ikasema kutoka nje, nyembamba. "Afande mpelelezi amekuja."

Fundi alivitazama viatu vile. Aliwahi kuviingizia miguu. Aliwahi kutembea navyo mpaka pale pale viliposimama sasa, akasema vimekubali. Mtu huyu angesikiliza nini, na angekasirika kiasi gani, akiambiwa kwamba Shangazi akigeuzwa macho kidogo tu atasoma jina lake?

"Sema," mkewe akanong'ona, akimbana mkono. "Kabla hajauliza, baba. Kabla woga haujakurudia."

"Nasema," fundi akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, ikavuka pazia. "Mwendo ule mlio nao kwenye picha si wa mkwe wangu. Ni wa mguu wangu huu. Na wewe mwenyewe, afande, hivyo ulivyovaa, wewe mwenyewe una—"

Mkono ukalivuta pazia.